SOMO LA LUGHA: NENO «KUPANDA»

Juma lililopita mdogo wetu mmoja aliandika katika daftari: «Ndege ilipanda mawinguni.» Darasa zima lilimcheka. Sisi wa mwaka wa mwisho tulicheka pia, halafu tukaona hatuwezi kueleza kosa lake. Basi tuliketi tukachunguza.

1. Kupaa ni kwenda juu hewani pasipo kukanyaga kitu. Moshi unapaa. Bwana Yesu alipaa mbinguni (Matendo 1).

2. Kupanda ni kwenda juu kwa kukanyaga ao kushika kitu. Zakayo alipanda mti (Luka 19). Hata malaika wa ndoto ya Yakobo walipanda, juu walikuwa na ngazi (Mwanzo 28). Watu wa pwani wanasema pia kukwea. Kwetu ni kupanda tu.

3. Kupanda ni pia kutia mbegu udongoni. Kibemba kinatenga: kunina ni kwenda juu, kubyala ni kutia mbegu. Kiswahili kina sauti moja kwa maneno mawili. Ukisema «nimepanda mwembe», mama atauliza: umeutia udongoni ao uko juu yake? Ongeza «juu ya», ataelewa.

4. Bei nayo inapanda. Mwezi wa 5 mwaka 2024 bei ya shaba ulimwenguni ilipita dola 10 000 kwa tani moja. Hapa Kinsevere tuko karibu na shaba, lakini bei ikipanda si kila mtu anapanda nayo. Wenzetu wengine waliacha masomo wakaenda kuchimba. Walituambia wanapanda, kumbe kila asubuhi wanashuka shimoni. Hatuwacheki, sababu njaa ya nyumbani haingoji diploma. Lakini tukiona viti vyao vitupu tunaumia.

5. Kupandishwa ni kupandishwa na mwingine. Mwenye kunakili kwa jirani siku ya mtihani amepandishwa darasa, hakupanda. Mwaka unaofuata atakosa pa kukanyaga.

Sasa yule mdogo wetu: «ilipaa» ndilo neno bora. Lakini yeye alijaribu kuandika, na sisi tulicheka bila kujua. Tunamwomba radhi.

MASWALI
a) Tunga sentensi mbili: kupanda mlima, kupanda mahindi.
b) Moto unapanda ao unapaa? Eleza.
c) Wewe, mwaka huu unapanda ao unapandishwa?