Binti anataka timu ya kusafiri

SWALI: Binti yangu ana miaka 11, anacheza softiboli ya mtaani hapa Columbus, Ohio. Sasa anataka timu ya kusafiri, na majaribio ni Agosti. Tuchagueje? – Mama Asha

JIBU: Mama Asha, kabla ya majaribio nendeni mkaitazame timu ikicheza, hasa siku inapofungwa. Sikiliza kocha anamwambia nini mtoto aliyedondosha mpira. Hapo utajifunza mengi kuliko kwenye makombe yao.

Kisha uliza wana warushaji wangapi. Kama Asha ni mrushaji na wengine wanne wapo tayari, atakaa benchi wikiendi nzima, nawe umeshalipia hoteli. Maana ada ya timu kwa kawaida haihusishi hoteli, mafuta wala chakula. Omba mchanganuo wa maandishi.

Kwenye daraja la miaka 12 na chini, mpira ni wa inchi 12 na mrushaji hurusha kutoka futi 40. Kama amezoea ule wa inchi 11, aanze kuushika huu sasa. Siku yenyewe avae glovu aliyoizoea, si mpya. Makocha huangalia miguu: mpira wa chini ukija, anaufuata au anausubiri? Akikosa mmoja, aombe mwingine. Wewe kaa mbali na uzio, tafadhali!

Wakimpa nafasi na kudai jibu papo hapo, waombe usiku mmoja wa kufikiria. Wakikataa, mimi ningetafuta timu nyingine.