Mitungi ya Korea

Huko Korea, akina mama huweka kabichi yenye chumvi na pilipili katika mitungi ya udongo iitwayo onggi. Mtungi huo hupitisha hewa kidogo, na chakula hukaa miezi mingi.

Zamani wafinyanzi walidharauliwa. Mwaka 1801 serikali ya mfalme iliwatesa sana Wakristu, na wengi wakakimbilia milimani. Mashamba hawakuwa nayo, lakini udongo na kuni vilikuwako: wakajifunza kufinyanga. Mwuza mitungi alipita kijiji kwa kijiji, mzigo mgongoni, wala watu hawakumshangaa. Hivyo walipata kuonana na ndugu zao waliojificha.

Stephen Kim Sou-hwan, aliyefanywa Kardinali mwaka 1969, alizaliwa katika jamaa ya wauza mitungi. Babu yake alikufa kwa ajili ya dini. Kardinali huyo alijiita Onggi.