ALAMA ZA VIPIMO NA ZA FEDHA: TUZIANDIKEJE?

Tuchukue mfano wa kibao cha dukani kilichoandikwa hivi: "Maharagwe 2Kgs 180/=". Je, shilingi 180 ni bei ya kilogramu mbili au ya kila kilogramu? Mnunuzi aliyeshika shilingi 180 huenda akadaiwa 360. Katika mkataba wa kuiuzia shule kilogramu 2,000, utata huo huo huzua tofauti ya shilingi 180,000. Makala haya yanadhamiria kuonyesha jinsi ya kuuepuka.

Kwanza, alama ya kipimo si kifupisho. Katika Mfumo wa Kimataifa wa Vipimo, kg, km na m hazibadiliki kutoka lugha moja hadi nyingine. Kwa hivyo hazichukui s ya wingi wa Kiingereza wala nukta, isipokuwa ile ya kumalizia sentensi. Ukubwa wa herufi nao una maana: k huwakilisha kilo, yaani elfu, ilhali K ni alama ya kelvini, kipimo cha halijoto. Hivyo basi, "Kgs" ina makosa mawili.

Pili ni mpangilio. Sarufi ya Kiswahili hutanguliza nomino: kilogramu 2, shilingi 180. Alama ya fedha hufuata mkondo huo: KSh 180. Alama ya kipimo, kinyume chake, huja baada ya tarakimu, nafasi ikiachwa kati yao: 2 kg. Wengi wetu huandika "kg 2" kwa kuongozwa na sikio. Tuandike ama "kilogramu 2" ama "2 kg".

Tatu ni mkwaju. Katika 180/= huonyesha kwamba hakuna senti; katika KSh 180/kg humaanisha "kwa kila". Anayeandika "Sh 180/=/kg" ameubebesha mkwaju kazi mbili na kuitaja shilingi mara mbili. Kwa upande wa lita, "60/l" huweza kusomwa 60/1. L kubwa, iliyoidhinishwa kimataifa mwaka 1979, huondoa shaka hiyo.

Kwa kuhitimisha, katika nathari maneno kamili ndiyo bora: "shilingi 180 kwa kila kilogramu". Alama tuziachie majedwali na hesabu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lenye alama tata nalo huipoteza mali hiyo huku mwenyewe akitazama. Usanifu wa Kiswahili, basi, hauishii katika ushairi na riwaya; unahitajika hata kwenye risiti.