SOMO LA AFYA: DIKLOFENAKI NI DAWA YA SIKU CHACHE



Tunapotembelea nyumba kwa nyumba tunakuta diklofenaki mahali pengi. Wengine wameandikiwa kituoni, wengine wameinunua walipoteremka Bujumbura, ikiwa imefungwa kwenye karatasi isiyo na jina. Ni dawa nzuri kwa maumivu na uvimbe, lakini ni ya siku chache. Leo tujifunze kwa nini.

Inafanyaje kazi?

Mwili ukiumia hutengeneza kemikali zinazoleta uvimbe na maumivu. Diklofenaki huzipunguza. Lakini kemikali za aina hiyo hiyo hulinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo. Kwa hiyo dawa inayotuliza mgongo hupunguza pia ulinzi wa tumbo na figo. Kadiri siku na vidonge vinavyoongezeka, hatari nayo inaongezeka. Usidhani sindano inaliokoa tumbo: dawa yake hufika kote kwa njia ya damu.

Tuchukue mfano

Mzee ameumia mgongo kwa kubeba magunia. Kituoni amepewa diklofenaki ya siku 5. Siku ya pili maumivu bado yapo. Jirani anampa ibuprofeni, mwingine anampa indometasini. Rangi na majina ni tofauti, lakini zote tatu ni jamii moja. Mzee amezidisha dozi bila kujua. Angerudi kituoni, muganga angeweza kumwongezea parasetamoli, ambayo si ya jamii hiyo.

Mambo ya kufuata

1. Meza kiasi ulichoandikiwa, kwa siku ulizoandikiwa. Kwa kawaida mtu mzima hapitishi miligramu 150 kwa siku, yaani vidonge 3 vya miligramu 50. Vipo vya 75 na vya 100, kwa hiyo usihesabu vidonge tu, soma namba.
2. Meza baada ya kula, hata kama ni uji kidogo. Kama posho imekwisha, mwambie muganga. Usimeze tumbo likiwa tupu.
3. Usichanganye na pombe, hata urwarwa.
4. Ukisahau kidonge, usimeze viwili kwa pamoja.
5. Usimpe mtu mwingine, hasa mtoto.
6. Ukiwa na homa, pima malaria kwanza. Diklofenaki hushusha homa, haiui malaria.

Nani amwambie muganga kabla ya kumeza?

Mwenye vidonda vya tumbo, presha, pumu, ugonjwa wa moyo au wa figo. Pia anayehara au kutapika sana, kwa sababu mwili uliokauka maji huumiza figo haraka. Mama mjamzito asijinunulie kabisa: dawa hii inaweza kudhuru figo na moyo wa mtoto, hasa miezi ya mwisho.

Dalili za hatari

Acha dawa na uende kituoni mara moja, hata usiku, ukiona: choo cheusi kama lami, kutapika damu, maumivu makali ya tumbo au kifua, mkojo kupungua sana, uso kuvimba, au kupumua kwa shida.

Maswali ya kujikumbusha

Je, dawa uliyo nayo nyumbani ina jina? Uliandikiwa siku ngapi? Kuna nyingine ya jamii hiyo unayomeza? Ukikosa jibu, chukua vidonge vyote ulivyo navyo, uje navyo kituoni. Hakuna atakayekugombeza.