Somo la Afya: Mfunze Jirani Mwendo Mmoja wa Taichi

Mkaazi mwenzetu, ikiwa umejifunza taichi na umeona faida yake, huenda unatamani jirani, mama mkwe au wenzako wa chama waijaribu pia. Somo hili linaeleza jinsi ya kuwaanzisha bila kuwachosha wala kuwaumiza. Jambo kuu ni moja: siku ya kwanza, funza kidogo. Anayependa sana jambo hutaka kuonyesha yote anayojua, na mgeni huondoka akiamini kwamba hayo si ya mtu kama yeye.

Taichi ni nini?

Ni mazoezi ya mwendo wa polepole ambapo mtu huhamisha uzito wa mwili kutoka mguu mmoja hadi mwingine, huku akifuatilia kila hatua na pumzi yake. Asili yake ni China, na kijiji cha Chenjiagou mkoani Henan hutajwa kuwa kitovu chake tangu karne ya 17. Yalianza kama mbinu za kupigana na kujikinga. Mwaka wa 2020, shirika la UNESCO liliyaorodhesha miongoni mwa turathi za utamaduni wa binadamu.

Hata huko China ilibidi yapunguzwe ili yawafikie watu wengi. Mfululizo mrefu wa zamani unaweza kuhesabiwa hadi miendo 108. Mwaka wa 1956, wataalamu wa michezo wa serikali walitunga mfululizo mfupi wa miendo 24 ili raia wa kawaida aweze kuumudu. Wewe nawe punguza zaidi: anza na mmoja.

Kwa nini tuwafikirie wazee kwanza?

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba watu 684,000 hufariki kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na walio hatarini zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Mzee akivunjika nyonga, nyumba nzima huguswa: kuna gharama ya hospitali, na mara nyingi mtu mmoja huacha shughuli zake ili amtunze. WHO hushauri wenye umri wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara angalau siku 3 kwa wiki. Tafiti zimeonyesha kwamba taichi inaweza kupunguza visa vya kuanguka. Hata hivyo, haichukui nafasi ya dawa za presha au kisukari. Asiziache mtu.

Uliza kabla ya kuanza

Muulize kila mgeni, faraghani: Umewahi kuanguka mwaka huu? Hupata kizunguzungu unaposimama? Una maumivu ya kifua, au ya magoti na nyonga? Akijibu ndiyo kwa lolote, aende kwanza kwenye zahanati, au azungumze na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake.

Chagua sakafu kavu isiyo na mkeka wala zulia la kuteleza. Kila mzee awe na kiti imara kando yake. Kiti cha mbao kilichoegemezwa ukutani ni bora kuliko cha plastiki, ambacho ni chepesi na huteleza. Dera au leso haina shida mradi upindo usifike chini ya nyayo.

Mwendo wenyewe

1. Simameni miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, magoti yakiwa yamelegezwa kidogo.
2. Hamisheni uzito polepole kwenye mguu wa kulia, hadi wa kushoto uwe mwepesi.
3. Inueni kisigino cha kushoto pekee. Vidole vibaki chini.
4. Shusheni kisigino, rudini katikati, kisha fanyeni upande wa pili.

Rudieni mara 5 kila upande bila kuzuia pumzi. Asiyeweza kusimama afanye akiwa ameketi. Atakayesikia maumivu au kizunguzungu aketi mara moja.

Unapoonyesha, wape mgongo, kwa sababu ukiwatazama, mkono wako wa kulia huwa upande wa kushoto wao. Kwa kuwa kuwapa wazee mgongo si adabu, omba radhi kwanza na ueleze sababu. Wanapofanya wao, geuka uwatazame.

Sema nini?

Ukimwambia mgeni “tuliza akili”, hatajua pa kuanzia. Muulize, “Mama, uzito uko mguu gani sasa?” Atalazimika kusikiliza mwili wake, na huo ndio utulivu unaotafutwa. Mawazo yakimpeleka sokoni au kwenye karo, si kosa. Arudi tu kwenye nyayo.

Sahihisha jambo moja kwa kila mtu, na usimguse yeyote kabla hajakubali.

Je, hii ni dini?

Swali hili litaulizwa, na lijibiwe kwa ukweli. Fikra za taichi zina mizizi katika falsafa ya Kichina, lakini mwendo tulioueleza hauna sala wala kiapo. Asiyeridhika asisukumwe. Kutembea kwa miguu pia ni mazoezi mema.

Baada ya siku ya kwanza

Maliza baada ya dakika 20, kabla hawajachoka. Wape zoezi la nyumbani: kuinua visigino wakiwa wameshika ukuta au meza imara, wanaposubiri chai ichemke. Mkutane tena siku 2 au 3 baadaye, mrudie mwendo uleule kabla ya kuongeza wa pili. Wiki ya pili, mwombe mmoja wao aongoze. Anayeongoza hujiona mwenyeji, na kesho yake atakuja na jirani mwingine.

Kikundi kikikua, muulizeni msimamizi wa wadi kuhusu ukumbi au uwanja wa umma mnaoweza kutumia. Kwa wiki hii, mtu mmoja, kiti kimoja na mwendo mmoja vinatosha.