Dondoo muhimu: Vioo vya gari la zamani la mashindano
Ukiandaa Ford Escort, aina iliyoshinda Safari Rally mwaka 1972, anza na kioo cha mbele. Kiwe cha tabaka mbili zenye utando wa plastiki katikati: jiwe la barabarani likikipiga hupata ufa, lakini hakimmwagikii dereva usoni. Hapo usibane matumizi kamwe.

Vioo vya pembeni vya kawaida huvunjika punjepunje. Vibandike karatasi angavu inayoshika vipande. Polikaboneti, plastiki ngumu inayotumika badala ya kioo, ni nyepesi, ila ruhusa yake hutegemea kundi na mwaka wa gari, hivyo soma hati ya FIA (shirikisho la kimataifa la magari) ya gari lako kabla ya kununua. Vumbi jekundu la Embu na Meru huikwaruza polikaboneti upesi: imwagie maji tele, usiifute kavu, wala usiisafishe kwa petroli.