Sikia Kabla ya Kuchambua: "Shogake Dada ana Ndevu"

Watahiniwa wengi walikuwa wakiisoma diwani ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine kimyakimya, kalamu mkononi, wakiwinda maudhui. Maudhui waliyapata. Lakini swali la dondoo lilipokuja, alama nne za muktadha ziliponyoka kwa sababu mtahiniwa hakukumbuka ni nani aliyesema, wala akimwambia nani. Sauti za wahusika hazikuwahi kumwingia masikioni.

Chukua hadithi ya Alifa Chokocho, "Shogake Dada ana Ndevu". Kabla ya kuifungua, tamka anwani yenyewe mara mbili: kwanza kama mtu mzima anayesengenya, kisha kama mtoto anayeeleza alichokiona. Umesikia tofauti? Ya pili ndiyo inayofaa hapa. Maneno haya ni ya Lulua, mdogo wake Safia. Hamshtaki mtu, anashangaa tu. (Kama umezoea neno "shoga" kwa maana ya mitaani, liweke kando. Katika Kiswahili cha pwani, shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke.) Shoga mwenye ndevu basi ni ukinzani, na umebebwa na maneno manne tu.

Sasa gawaneni nafasi darasani: msimulizi, Bwana Masudi, Bi. Hamida na Lulua. Riwaya nzima hamwezi kuifanyia hivi katika kipindi cha dakika 40. Hadithi fupi mnaweza.

Anayesoma maneno ya wazazi wakimsifu Safia asiyasome kwa kejeli. Hapa ndipo wengi huharibu. Wazazi wale wanaamini kwa dhati. Wanaamini hata kwamba Kimwana, anayekuja kudurusu na binti yao akiwa amevaa buibui, ni msichana. Msomaji akiwabeza, kinaya kinakufa. Akiwasoma kwa fahari ya kweli, darasa ambalo tayari linajua kuwa Safia atakufa katika jaribio la kuavya mimba litanyamaza lenyewe.

Mkifika kwenye kauli ya Lulua, tueni kidogo. Nyumbani mle mlikuwa na mtu aliyeona, naye hakutiliwa maanani kwa kuwa ni mtoto.

Zoezi
Fungeni vitabu.
(a) Eleza muktadha wa kauli iliyo katika anwani ya hadithi. (alama 4)
(b) Wazazi wa Safia walaumiwe au wahurumiwe? Jadili ukirejelea toni ya usemi wao jinsi ulivyoisikia. (alama 6)